Mifarishi ya Bweni la Nane: Kumuaga Shangazi Kuang

Baada ya miaka ishirini na saba ya kulinda mlango wa Bweni la Nane la wasichana, Bi Kuang Suzhen anastaafu tarehe 30 Juni. Ofisi ya Mabweni imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Imenisihi niandike kwa ufupi, niwe mchangamfu, na nitaje mafanikio ya Ofisi. Nitajitahidi katika mawili ya kwanza.

Bi Kuang alikuja chuoni kwetu hapa Hengyang baada ya kiwanda cha vifungo alichokuwa akifanyia kazi kufungwa. Alipewa chumba kidogo kando ya lango, kitanda cha chuma, kipaza sauti cha mkono na shada la funguo. Aliajiriwa kama kibarua wa mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha aliongezewa mwingine, na mwingine, kama mtu anayeambiwa kila siku asubiri kidogo tu kwenye benchi. Wasichana walimwita Shangazi Kuang. Walimwita na majina mengine pia, lakini jarida hili linasomwa na watoto wa wafanyakazi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzuia moto. Kanuni inakataza kupika vyumbani, na wasichana wanane waliorundikwa katika chumba kimoja watapika hata kwenye pasi. Walificha majiko ya umeme ndani ya wanasesere, chini ya sinki, ndani ya gunia la vitabu vya hesabu ambalo walijua hakuna mtu angelifungua. Shangazi Kuang hakuhitaji kupekua. Alipita ukumbini akinusa, akasimama mlangoni na kusema kwamba supu imezidi chumvi, basi jiko likatoka lenyewe. Aliyanyang'anya, akayaweka chumbani mwake, na siku ya mahafali akayarudisha yote yakiwa yamesuguliwa yanang'aa. Msichana mmoja aliambiwa hivi alipokabidhiwa lake: "Binti, hili jiko lako haliivishi mbavu. Nimelijaribu miaka minne. Aliyekuuzia alikupunja."

Kazi ya pili ilikuwa kuzuia wavulana. Kuna kijana wa idara ya ujenzi aliyewasha mishumaa uwanjani kwa umbo la moyo na kuanza kumwita msichana wa ghorofa ya tano. Shangazi Kuang alimwacha amalize aya ya kwanza ya shairi lake, kisha akachukua kipaza sauti na kumjulisha, pamoja na mabweni mengine matatu, kwamba anayemtafuta yuko maktaba, na kwamba wote waliochungulia madirishani ni wale wasiomtaka. Kijana alizima mishumaa mwenyewe. Inasemekana alimwoa mmoja wa waliochungulia.

Lakini anayetaka kumjua Shangazi Kuang lazima kwanza ajue habari za mifarishi, yale mablanketi mazito ya pamba tunayojifunika.

Ofisi yetu inaamini kwamba tabia ya mwanafunzi inaonekana kwenye mfarishi wake. Asubuhi ni lazima ukunjwe uwe mraba kama kipande cha tofu, ile jibini ya soya, pande zimenyooka, kona kali za kukata mkono. Mfarishi mzito wa pamba hautaki kuwa tofu. Unataka kuwa mfarishi. Basi wasichana wetu, ambao walifaulu mtihani mgumu kuingia chuoni, walitumia akili zao. Kila mmoja aliweka mifarishi miwili. Wa kwanza ulikunjwa mara moja, ukatiwa ndani maboksi ya tambi ili ushike kona, ukakaa kitandani daima bila kuguswa. Huo waliuita wa Ofisi. Wa pili ulikuwa wa binadamu, ukafichwa mchana kabatini. Shangazi Kuang alijua. Aliona fahari kidogo hata, kwa sababu Bweni la Nane lilikuwa na kona kali kuliko mabweni yote, na Mkuu wa Ofisi, Bwana Yin, alikuwa akileta wageni wapige picha.

Sasa tufike kwenye yale masika ambayo wazee wa hapa bado wanayataja. Mvua ilinyesha mpaka kuta zikatoka jasho. Taulo hazikukauka, soksi zilinuka zikiwa safi, na mifarishi ya kulalia ilikuwa mizito kama mtu aliyelowa. Wasichana walilala na makoti. Katika chumba cha 412, ambako dari lilivuja na Ofisi ilikuwa imeahidi fundi, msichana wa mwaka wa kwanza aitwaye Xia Wenjing alikohoa hadi wenzake wakawa wanamsikiliza badala ya kulala.

Katika siku hizo hizo Bwana Yin alimwita Shangazi Kuang ofisini. Alimweleza kwamba ujumbe wa mkoa unakuja kukagua mabweni na kutoa Bendera ya Bweni la Ustaarabu. Ikienda Bweni la Nane, jina lake litapelekwa juu athibitishwe kuwa mfanyakazi wa kudumu. Maana yake pensheni, na maana yake kutosaini tena mkataba kila mwaka. Shangazi Kuang alikuwa na binti wa kusomesha na mume ambaye mara ya mwisho alionekana kituo cha treni. Bwana Yin aliongeza sharti dogo: siku hiyo mfarishi hata mmoja usionekane ukining'inia kwenye roshani, dirishani wala uwanjani. Ustaarabu, alisema, hauanikwi.

Siku ya ukaguzi ilipofika, jua likatoka.

Mtu ambaye hajaishi kwetu masika hatajua jambo hilo linafanya nini kwa watu. Wasichana walisimama madirishani wamekumbatia mifarishi yao, wakilitazama jua kama watoto walionyimwa peremende. Katika Bweni la Tatu mlinzi alifunga milango ya roshani kwa kufuli. Kwetu, Xia Wenjing alishuka ngazi na mfarishi wake mikononi, akasimama mbele ya chumba cha lango. Hakulia wala kubembeleza.

"Shangazi," alisema, "hili jua litaondoka kabla ya wageni."

Shangazi Kuang alimwangalia, akauminya mfarishi kwa vidole, ukatoa maji. Mimi nilikuwa pale na ndoo yangu, maana nyumba ya maji ya moto, ninakofanya kazi, iko mkabala na lango. Nilidhani atamfokea. Alichukua shada la funguo na kuchagua ule wenye kutu.

"Agizo limesema roshani, dirisha na uwanja," alisema. "Mimi sikusoma sana, lakini paa sikulisikia. Waambie wenzako wapande kimya kimya, na anayecheka ashuke."

Walipanda. Walicheka pia, na hakuna aliyeshushwa. Kabla wageni hawajamaliza chai yao ya kukaribishwa, paa lote la Bweni la Nane lilikuwa limefunikwa maua, mistari na dubu wadogo wa rangi ya waridi. Kutoka chini usingeona kitu. Vyumbani, mifarishi ya Ofisi ilikaa vitandani mraba mraba, kona zikiwa kali. Mpango ulikuwa safi kabisa, isipokuwa kwa jambo moja ambalo hakuna aliyelifikiria: mfarishi usiofunguliwa mwaka mzima, uliojaa maboksi, ulikuwa umekunywa masika yote peke yake.

Kiongozi wa ujumbe alikuwa Mama Rao, mwalimu mkuu wa zamani, mwenye magoti mabovu. Bwana Yin alimpandisha ghorofa nne akimweleza takwimu. Walipoingia 412, Mama Rao aliomba radhi, akaketi kwenye kitanda cha chini na kuegemeza kiwiko juu ya tofu. Tofu ikaitikia kwa mlio wa boksi lililooza. Akainusa. Akaikunjua. Ndani, juu ya picha ya bakuli la tambi za nyama, kulikuwa kumeota uyoga. Si mkubwa. Wa kutosha mchuzi mdogo.

Bwana Yin hakusita. Alieleza kwamba chumba hicho ni cha wanafunzi wa baiolojia. Kilikuwa cha wahasibu.

Mama Rao aliuliza hawa watoto wanajifunika nini. Hapo Bwana Yin alibadili njia. Alisema kwa masikitiko kwamba kila chuo kina wachache waliokosa malezi, kwamba mwenye kitanda hiki atatolewa bwenini leo hii, na aliuliza jina lake. Xia Wenjing alikuwa amesimama mlangoni. Kwao ni kijiji cha milimani, siku nzima kwa basi, na hapa mjini hakuwa na ndugu wa kumpokea hata usiku mmoja. Akafungua mdomo ataje jina lake, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Shangazi Kuang, aliyewafuata na funguo, alijibu kabla yake.

"Msichana ni msafi. Mfarishi wake uko juu, unaota jua. Huu ni wenu."

Sijui kama alipanga kusema hivyo. Mimi niliyewapandishia wageni maji ya chai nilimwona akiushika mkono wake mmoja kwa mwingine, kama mtu anayemzuia mtoto asikimbie barabarani. Kisha aliwaongoza watu wote hadi paani. Wageni walisimama katikati ya mifarishi wakifumba macho kwa mwanga. Mama Rao alisogelea mmoja wenye dubu, akaweka uso wake pale, na akakaa hivyo mpaka Bwana Yin akakohoa. Alipogeuka alisema tu kwamba tangu mama yake afe hakuwa ameinusa harufu hiyo. Xia Wenjing hakutolewa bwenini. Fundi wa dari alikuja wiki ile ile, akishangaa kwa nini hakuitwa mapema.

Bendera ilikwenda Bweni la Tatu. Kanuni ni kanuni: jua halina alama, kona zina alama. Wasichana wa Bweni la Tatu waliipokea wakipiga chafya. Jina la Shangazi Kuang halikupelekwa popote. Alisaini mkataba wa mwaka mmoja tena, na tena, mpaka Bwana Yin alipopandishwa cheo na kuhamia jengo lenye lifti, na aliyemfuata akauliza kwa nini huyu mama bado ni kibarua. Hakuna aliyekumbuka sababu, akathibitishwa.

Kwa kuwa nimeombwa nitaje mafanikio ya Ofisi, nataja hili. Masika yaliyofuata ulitolewa waraka uitwao Mpango wa Jua kwa Kila Mwanafunzi, ukiagiza mapaa yote yafunguliwe siku za jua. Bwana Yin aliubuni mwenyewe na alisafiri hadi makao makuu ya mkoa kuueleza. Picha ya paa letu imetundikwa katika ukumbi wa Ofisi, naye yumo, amesimama mbele ya mifarishi akitazama mbali. Angalia upande wa kushoto, pale picha ilipokatwa. Kile kiwiko ni cha Shangazi Kuang.

Wenye kumjua kwa mbali watasema ana ulimi mkali, nami sibishi. Mume wangu Hou, aliyekuwa akichochea tanuri la maji ya moto, alimtengea chupa yake kila siku kwa kuifunga uzi mwekundu, na kila siku Shangazi alilalamika maji ni vuguvugu. Hou alipofariki, alikuja mazishini, akasimama nyuma, akaondoka. Majira ya baridi yale, kila lilipotoka jua, nilirudi nyumbani nikakuta mfarishi wangu umerudishwa kitandani una joto. Nilipomuuliza alisema tu kwamba mfarishi wa mtu mmoja hunyonya unyevu kuliko wa watu wawili. Uzi mwekundu bado ninao. Chupa yake bado naitenga, na maji bado, anasema, ni vuguvugu.

Anahamia kwa binti yake, mjini Chenzhou. Binti alimsifia nyumba: iko karibu na soko, ina lifti, majirani watulivu. Shangazi Kuang aliuliza swali moja, roshani inatazama upande gani. Inatazama kusini.

Ofisi imeandaa zawadi nzuri, mfarishi wa hariri uliokunjwa kama tofu, ndani ya boksi la plastiki angavu lenye utepe. Anaombwa asiufungue mpaka picha zipigwe. Nimemwona akiulizia mkasi.

Sherehe ya kumuaga itafanyika Ijumaa saa nne asubuhi katika Ukumbi Mkuu. Xia Wenjing, ambaye siku hizi ni mwalimu hapa hapa chuoni, atazungumza kwa niaba ya waliopita Bweni la Nane. Mvua imenyesha karibu mwezi mzima, lakini idara ya hali ya hewa inatabiri kwamba Ijumaa litatoka jua. Kwa hiyo viongozi wakiona viti vya wanafunzi vitupu wasisononeke, na wasidhani mgeni rasmi hapendwi. Mpango umebadilishwa na Mwalimu Xia mwenyewe, jana, bila waraka: hotuba itatolewa paani. Anayeweza kupanda ngazi aje na mfarishi wake. Asiyeweza, kama Bwana Yin aliyezoea lifti, atatuona kutoka dirishani kwake, na safari hii hakuna atakayekatwa pichani.

Asante kwa majiko uliyosugua, kwa milango uliyofunga, na kwa ule mmoja uliofungua. Uishi miaka mingi upande wa kusini, Shangazi Kuang, na maji yako yawe moto hatimaye. Ukigeuka langoni usione mtu akikupungia, usitukasirikie. Mikono yetu yote itakuwa imeshika mifarishi.