Nani Alimchongea Fundi Siruhusiwi

"Mama, hapo kwenye leseni paruke, sema tu alikuwa fundi, watu waende wakazike," ndivyo mama wa marehemu alivyoambiwa jikoni asubuhi hii na mkwewe, mjane wa marehemu, naye mama akamjibu kwamba mtu aliyeshinda na misumari mdomoni miaka thelathini na sita harukwi kama dimbwi, wakabishana hapo mpaka chai ikapoa, kwa hiyo mkimwona mjane amegeukia ukutani msishangae, na karatasi hii mama ameishika kwa heshima tu, kusoma hajui, tarehe amekaririshwa na mjukuu, mengine anayajua kwa sababu aliyemzaa ni yeye.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 12 Machi 1969, katika zahanati iliyo nyuma ya soko, alitanguliza miguu, mkunga akasema huyu anaikagua nyumba kabla ya kuingia, na mdogo wake wa pekee alizaliwa mwaka 1974, wakalala kitanda kimoja mpaka mkubwa alipoota ndevu. Alianza shule ya msingi Januari 1977, akamaliza mwaka 1983, hesabu alizijua, kuandika kulimtoa jasho, ndipo akapelekwa karakana ya mjomba wake, akajifunza kazi mpaka mwisho wa mwaka 1987.

Kazi ya kujitegemea aliianza tarehe 1 Februari 1988, kutengeneza nyumba za watu, na ofisi ya leseni ilipotoa masharti mapya, ya kwamba asiye na leseni asiguse nyumba ya mtu, marehemu alikuwa wa kwanza mtaani kupanga foleni, akapewa leseni ya matengenezo madogo tarehe 4 Aprili 2005, ikamruhusu vitasa, bawaba, vioo, vigae, rangi na bomba lililo nje ya ukuta, lakini umeme, gesi na ukuta unaobeba paa, hapana, hizo zilitaka leseni kubwa, na ya umeme aliisomea mdogo wake akaipata. Basi marehemu akiitwa kwenye waya husema, "Hiyo siruhusiwi, mwiteni mdogo wangu," hadi watu wakamwita Fundi Siruhusiwi, akibembeleza mtoto kibarazani jirani anapaza sauti, "Shemeji, na hiyo je, unaruhusiwa?"

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1993, wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1995, na wavulana wawili, mwaka 1998 na mwaka 2003, na katika nyumba yao mama hakuwahi kusikia kelele, mpaka lile la hita.

Jumamosi, tarehe 9 Juni 2012, mkunga yuleyule aliyempokea, ambaye alikuwa amestaafu na mifupa inamuuma kwa baridi, alimwita kwa sababu hita ya maji ya bafuni imekufa, mdogo wake alikuwa safarini kikazi, marehemu akasema siruhusiwi, yule bibi akamwambia, "Mimi nilikutoa miguu mbele, sikumwomba mtu ruhusa, leo wewe unaninyima maji ya moto?" Hapo marehemu akafungua mkoba wake wa vifaa, akafunga hita mpya, maji yakachemka, bibi akamwombea dua mpaka mlangoni. Jumatatu yake, akipanga vigae nyumba nyingine, akakumbuka waya wa ardhi, ule unaomkinga anayeoga asipigwe na umeme, hakujua kama aliufunga au aliuacha, akatupa mwiko, akakimbia kuzima swichi kwa yule bibi, kisha akaenda moja kwa moja ofisi ya leseni, na leseni yake mkononi, akasema, "Nimefanya kazi nisiyoruhusiwa, pelekeni mtu akaangalie," karani akauliza nani amekuripoti, akajibu ni mimi.

Kesho yake mkaguzi alitaka fundi mwenye leseni ya umeme wa kuifungua ile hita, mdogo wa marehemu alikuwa amerudi, mkaguzi akampakia, na mtaa mzima ukamwona huyo mdogo akishuka kwenye gari la ofisi. Waya ulikutwa unaning'inia, ungeua, marehemu akanyang'anywa leseni miaka mitatu, akawa kibarua wa kubeba zege. Mkewe akasema, "Mdogo wako kakuchongea, kashuka kwenye gari lao mchana kweupe," marehemu akavaa viatu, akatoka nje.

Alasiri hiyo alimfuata mama yake uani akamwambia yote, akasema, "Nikimwambia mke wangu, ataona nimewanyang'anya watoto chakula kwa mdomo wangu mwenyewe," na mama akamjibu, "Nyamaza kwanza, mkeo apoe." Hilo "kwanza" limekaa miaka kumi na miwili. Mdogo wake akafutwa katika nyumba hii, harusi ya binti mwaka 2019 aliitazama akiwa ng'ambo ya barabara, amevaa suti, na kila akija kumwona mama huuliza, "Kaka ameshasema?" mama hujibu bado, naye husema, "Basi nasubiri, ni lake, si langu," halafu anatafuta soketi ya kutengeneza asionekane uso.

Marehemu alianza kukohoa Novemba 2023, vumbi la saruji na vigae lilikuwa limeshakaa mapafuni, akalazwa hospitali tarehe 8 Aprili 2024, mdogo wake akafika mlango wa wodi mara mbili, mara mbili akarudishwa na shemeji yake. Jumapili, tarehe 28 Aprili, pumzi zinakatika, marehemu alisema, "Mama, leo waambie," mama akamwambia ngoja upate nguvu, utasema mwenyewe. Akafariki Alhamisi, tarehe 2 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano, ameacha mjane, watoto watatu, mama, na mdogo wake.

Huyo mdogo wake hakumchongea. Aliyempeleka marehemu ofisini ni marehemu, na aliyeficha ni mama yake. Mkwe, hasira uliyomwekea shemeji yako ihamishie kwa mama, umekosewa na yeye, na huyo shemeji yako, aliyekaa kwenye ndoo pale getini, aitwe aje ashike jeneza mbele, ukikataa leo mama hatakulazimisha, atakwenda kukaa naye palepale getini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani kwa viti na maji, na mafundi wenzake, pamoja na mkaguzi, ambaye yupo hapa, mwenye shaka amuulize.

Mwanangu, lala kwa amani, mzigo wako mama ameubeba, ameuchelewesha.

Na nyinyi mliokaa hapa, habari ya gari la ofisi ilizunguka mtaa mzima kabla ya saa sita mchana, basi na hii ifikisheni, kwa shangazi yake aliyeshindwa kusafiri, kwa waliohama, kwa yeyote aliyewahi kumnyima yule kijana salamu, semeni mmeisikia kwa mama mwenyewe.