Mapezi Mepesi ya Naftaly Ojwang

Ijumaa hii, tarehe 29 Oktoba 1999, Bwana Naftaly Ojwang atavua suti ya mbizi kwa mara ya mwisho kama mfanyakazi wa kampuni yetu, baada ya kuitumikia kwa miaka ishirini na sita. Alipoajiriwa, ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mabati hapa Kawangware, upande unaoitwa Kongo, na Mzee Waithaka, mwenye kampuni na mwenye ploti, ndiye aliyekuwa meneja, dereva na askari wa usiku. Leo tuna vyumba zaidi na askari wa kweli. Bwana Ojwang hajabadilika, isipokuwa kiunoni.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: sisi ndio watu wanaoitwa maji yakikataa kutoka. Mdomo wa bomba ukiziba chini ya bwawa, au pampu ikitumbukia kisimani, lazima mtu aingie huko aone kuna nini. Miaka yote hii mtu huyo amekuwa Bwana Ojwang. Alizaliwa kando ya Ziwa Victoria, na tangu aje Nairobi amekaa Gatwekera, Kibera, na mkewe Mama Adhis. Kila asubuhi hutembea kutoka huko hadi hapa akiwa amebeba mapezi begani, vile viatu vipana ambavyo mpiga mbizi huvaa ili ajisukume majini. Hakuwahi kuyaacha stoo. Stoo naitunza mimi, Maggie Wangoi, na nilinuna muda mrefu kabla sijaelewa kwamba hakuwa ananishuku. Alikuwa anayapenda tu. Watoto wa njiani walimbandika jina la Bata, naye akaanza kuliitikia.

Mapezi yale ya zamani yalikuwa ya mpira mnene mweusi, yenye mkanda wa kisigino na kishikizo cha chuma, na yalivaliwa juu ya buti. Yalikuwa na nguvu ya trekta na uzito wake pia. Maadamu kazi zilikuwa Thika na Naivasha, pikapu ilibeba na hakuna aliyelalamika. Matatizo yalianza Mzee Waithaka alipoanza kukubali kazi za mbali, zile za kufikiwa kwa ndege ndogo.

Safari ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa mwaka 1996, kwenda kwenye bwawa moja kaskazini. Rubani alipima kila kitu, wakiwemo abiria. Mkanda wa madini ya risasi wa kumzamisha mpiga mbizi uliachwa mapema, kwa kuwa mawe ya kujaza gunia yapo kila mahali. Chakula cha mchana kikashushwa. Musau, fundi wetu anayeshika kamba juu mpiga mbizi akiwa chini, alivua viatu vyake bila kuulizwa. Ndege bado ilikuwa nzito. Rubani akayatazama yale mapezi na buti zake.

"Kati ya hizo viatu na huyo jamaa wa kamba," akasema, "moja inabaki."

Musau anasema Bwana Ojwang alifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Mwishowe akayaweka mapezi chini. Huko kaskazini aliingia majini miguu mitupu, maji yanayoelekea mfereji wa bwawa yakamchukua yatakavyo, na mara kwa mara Musau alilazimika kumvuta ukingoni kama mbuzi aliyekataa soko. Kazi ilibaki nusu. Wenye bwawa walisema asante kwa sauti ya watu ambao hawatapiga simu tena.

 Bwana Ojwang aliporudi alikuja stoo akaniomba nimsaidie kutafuta mapezi ya safari. Yawe mepesi, yaingie kwenye mkoba mmoja na nguo zake, na rubani asiyaone.

Mzee Waithaka alitutangulia. Alikuja na mapezi mafupi ya buluu, mazuri kama viatu vya harusi, aliyoyapata kwenye duka la watalii. "Hizi ni light, Ojwang," akasema kwa furaha. "Utaweka kwa mfuko wa koti." Na kweli yalikaribia kuingia. Bwana Ojwang, ambaye alikuwa ameapa kuchukia chochote kitakachoyarithi yale ya zamani, aliyapenda palepale. Aliyavaa ndani ya ofisi. Akayapeleka nyumbani Gatwekera, akalala kifudifudi juu ya stuli mlangoni na kupiga miguu hewani ili ayazoee, hadi majirani wakamwuliza Mama Adhis kwa upole kama waite mchungaji.

Tuliyajaribu kwenye bwawa la klabu moja ya Ngong Road ambalo tulikuwa tunalisafisha. Bwana Ojwang akajitosa, akapiga miguu haraka kama mama anayeshindana na cherehani, na akabaki pale pale. Mapezi ya namna ile ni ya mtalii anayeelea juu akitazama samaki. Mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni, anayepingana na maji yanayokwenda, yanamtania tu. Alitoka majini amenuna, akamrudishia Mzee mapezi yake kwa mikono miwili.

Baada ya hapo tukaacha kuchagua kwa macho. Niliazima mapezi kwa kila mpiga mbizi niliyemsikia Nairobi, na kwa kuwa hatukuwa na mizani, tuliyapeleka kwa Gathogo, mwenye bucha jirani. Gathogo aliyaning'iniza kwenye ndoano katikati ya miguu ya mbuzi, na mteja mmoja aliuliza ni samaki gani huyo na anapikwaje. Tukagundua kwamba nusu ya mzigo wetu wa zamani haikuwa mapezi. Ilikuwa buti. Pezi la kuvaliwa juu ya buti haliwezi kuwa jepesi, kwa sababu linasafiri na rafiki yake. Tukatafuta ya kuvaliwa mguu mtupu. Yaliyokuwa laini sana Bwana Ojwang aliyakunja kwa mikono na kuyaweka kando, kwa kuwa yangelegea majini vivyo hivyo. Yaliyokuwa marefu hayakulala mkobani hata kwa mshazari. Mengine yalimfinya vidole. Hapo tulibishana sana, maana mimi nilitaka mepesi kuliko yote na yeye alitaka yenye nguvu kuliko yote, na nadhani kila mmoja wetu alikuwa amekosea nusu.

Tuliyokubaliana yalikuwa ya plastiki ya kijivu, yasiyo na mkanda wala kishikizo, urefu wa wastani, na sura mbaya kweli. Mzee Waithaka alisema yanafanana na vifuniko vya ndoo. Lakini yaliingia mkobani, na kwenye bwawa la klabu yalimsukuma Bwana Ojwang kwa utulivu hadi ukuta wa pili. Hayakuwa trekta. Yalikuwa baiskeli nzuri.

Mwanzoni mwa mwaka 1998, mvua za El Niño zikiwa zimekata barabara, tuliitwa na hospitali moja ya misheni kando ya Ziwa Victoria. Gugumaji lilikuwa limeletwa na upepo likafunika ufuko wote, na mizizi yake ikaziba mdomo wa bomba la hospitali chini ya maji. Wodi ya wazazi ilikuwa inaogeshea watoto maji ya madumu. Njia ilikuwa ndege tu, na safari hii rubani alipima, akaitikia kwa kichwa, na wote wakapanda. Musau alipanda na viatu vyake.

Aliyotuambia Musau baadaye ni haya. Bwana Ojwang aliingia chini ya lile zulia la majani, ambako mchana hugeuka giza, akafuata bomba kwa kupapasa. Alikata mizizi kwa kisu kwa muda mrefu. Kisha kamba ikatulia. Musau akaivuta kidogo kumwuliza kama yuko salama, na haikujibu. Akaivuta tena. Seline, muuguzi mkuu wa hospitali, alikuwa amesimama naye ufukoni, na anasema Musau aliivuta mara ya tatu.

Chini kule mizizi ilikuwa imelishika pezi la kushoto na kulizunguka. Kila alipojipinda kulifikia kwa kisu, mguu ulizidi kufungwa, na hewa ya mtungi ilikuwa inaelekea kwisha. Angekuwa amevaa yale ya zamani, yenye mkanda juu ya buti, angehitaji kufungua kishikizo asichokiona wala kukifikia. Haya ya kijivu hayakuwa na cha kufungua. Alinyoosha vidole, akauchomoa mguu kama mtu anayevua ndara mlangoni, akaliacha pezi kwa mizizi.

Musau alihisi kamba ikivutwa. Kichwa cha Bwana Ojwang kikatokea katikati ya majani, kimevaa ua la zambarau.

"Ingine iko wapi?" Musau akauliza alipoiona miguu yake, mmoja mtupu.

"Nimeachia wenyewe," akajibu. "Nipe mtungi mwingine."

Akarudi. Musau alimsihi angoje kesho, Seline naye akamsihi, lakini alisema bomba limebaki kidogo. Alimaliza kazi kwa pezi moja, akizunguka kama mashua yenye kasia moja. Jioni Seline alifungua bomba la wodi ya wazazi, likakohoa matope, likakohoa tena, kisha maji yakaja. Anasema akina mama waliimba, na Bwana Ojwang alikuwa amelala kwenye benchi la nje hakusikia chochote.

Nyumbani alimweleza Mama Adhis yote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Mama Adhis aliligeuza lile pezi lililobaki mkononi.

"Moja imebaki huko, sawa," akasema. "Wewe umerudi."

Baada ya hapo alifanya kazi zaidi ya mwaka mmoja, sehemu kubwa akimfundisha Musau kushuka chini huku yeye akishika kamba. Musau anaapa kwamba mwalimu wake huivuta kamba kila dakika kuuliza habari. Sasa daktari amesema masikio yake yametosheka na vina vya maji, naye kwa mara ya kwanza hakubishana.

Bwana Ojwang, asante kwa maji yote yaliyotoka kwa sababu uliingia. Asante kwa kumchagua Musau siku ile kwenye uwanja wa ndege, ijapokuwa ulifikiria. Uwe na afya, uwe na miaka mingi na Mama Adhis, na siku zako ziwe nyepesi. Na Jumatatu asubuhi ukijikuta umeamka, umevaa, umeshika mlango, tafadhali mwache Mama Adhis akurudishe kitandani.