Suruali ya Ursula Tapp

Kijiwe chetu ni benchi la mbele ya kilabu cha pombe, hapa Southwark, kando ya mto, hatua chache kutoka jumba la michezo ya kuigiza. Jumapili ile tulikaa watatu: Kasia, anayevusha watu mtoni kwa mashua, Mapengo, mchekeshaji wa jukwaani aliyestaafu, na mimi fundi viatu. Wa nne wetu, Ned, mpakua magunia wa gatini, hakuwepo. Asubuhi alisimamishwa mlangoni pa kanisa, kafungwa shuka jeupe, mshumaa mkononi, watu wakipita wanamtemea mate. Kosa lake, kuvaa suruali ilhali ni mwanamke. Jina lake hasa ni Ursula Tapp.

— Hakimu Thornbury huyohuyo, akasema Kasia, Jumanne nilimvusha kwenda kutazama mchezo. Mle mchezoni kijakazi kavaa suruali, kamzungusha bwana wake mpaka kampigisha magoti. Hakimu alicheka akatoka machozi. Ijumaa kamhukumu Ursula.

— Sasa unashangaa nini? Yule kijakazi ni mchezaji mwanamume kavalishwa gauni, Mapengo akamjibu. Hakuna mwanamke pale. Halafu mwishoni anavua suruali, anaolewa, wakubwa wanarudi nyumbani roho zimetulia. Nimeucheza miaka ishirini, naujua.

— Ursula naye angevua, angekula nini? Mjane gani anapewa magunia apakue?

— Ndiyo maana hakumchekesha hakimu.

Nikaingilia. Nikasema wakubwa wanatuachia tucheke ili hasira ituishie mlemle ndani, kesho yake tubebe mizigo yao kwa adabu.

— Fundi, wewe unawaonea huruma, akasema Kasia. Wale wanapandikiza wapelelezi kwenye viti. Ukicheka sana bwana akidhalilishwa, jina lako linaandikwa.

— Kwa hiyo mimi niliyewachekesha nimewaponza wangapi? Mapengo akauliza, na hakuwa anatania.

— Jijibu mwenyewe, mzee.

Mapengo akanyanyuka, ngumi kakunja. Nilikuwa namvuta akae wakati mwanamke mmoja aliposimama mbele yetu, vumbi la safari mpaka magotini, uso uleule wa Ursula. Akasema anaitwa Agnes, ni dada yake, ametembea kutoka Kent.

— Ninyi ndio wa benchi?

— Ndio sisi, dada, nikasema. Pole sana. Tulikuwa tunamzungumzia yeye.

— Nimetoka kwake sasa hivi. Anasema gati zima lilimjua kama Ned. Waliojua kwamba ni mwanamke ni ninyi watatu tu, maana aliwaambia mwenyewe, hapahapa. Nani alikwenda kwa hakimu?

Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Kasia akageukia mtoni. Mimi nikatazama viatu vya Agnes. Soli ya kushoto ilikuwa imeachia. Mapengo akainua kikombe chake, kitupu tangu kitambo, akanywa.