Saa Tisini na Moja

Kwenye basi la mjini Milwaukee, Marekani, kijana aliyepakata koti jeupe lililokunjwa alimwambia mama wa pembeni yake kwamba jana hospitali ilimfukuza kazi, akiwa mwaka wa pili wa kusomea udaktari bingwa.

"Kosa gani, mwanangu?" aliuliza yule mama, muuguzi mstaafu asiyejua kunong'ona.

"Nilijaza kwenye fomu saa nilizofanya kazi wiki iliyopita. Tisini na moja."

"We! Mwisho unaoruhusiwa kwa wiki si themanini? Wote huandika themanini!"

"Mimi nilifanya tisini na moja, mama."

"Ungeandika themanini, leo ungekuwa na kazi."

"Na mwakani mwenzangu angefanyishwa mia."

Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, niliyemdanganya bosi asubuhi ile kwamba nina mafua, nilijikuta nimekaa wima.

"Ukaidi huo! Na sasa unakwenda wapi?"

"Hukohuko. Mgonjwa wangu, Mzee Sobczak, anapasuliwa leo. Nilimwahidi akizinduka ataniona."

"Kitambulisho si wamekunyang'anya?"

"Nitapitia mlango wa wageni."

Basi liliposimama mbele ya hospitali, mama akasogeza magoti kumpisha.

"Na saa utakazokaa na mzee leo utaziandika wapi, daktari?"