Usijisumbue Kuja

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi cherehani mmoja alikuwa akifumua mshono wa gauni la mteja. Mikono ilikuwa kazini, masikio yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Pale mama aliyesahau miwani nyumbani alikuwa amempa simu karani mstaafu asiyemjua, amsomee ujumbe wa bintiye aliyejifungua juzi.

“Mama, usijisumbue kuja. Naendelea vizuri,” karani alisoma, kwa sauti ya mtu anayetoa tangazo.

“Jirani naye alinisomea hivyo hivyo. Ndiyo maana naenda.”

“Lakini amekukataza, mama. Mimi nimesoma barua miaka thelathini. Kilichoandikwa ndicho kilichosemwa.”

“Hizo zilikuwa za ofisi, baba. Huyu alivunjika mkono akiwa na miaka saba, akaniambia hajaumia, huku ameushika kwa ule mwingine.”

Karani aliusoma tena ujumbe, safari hii polepole, kama aliyedondosha kitu humo ndani. Hakukiona. “Na kama kweli hakutaki?”

“Uso wake utaniambia nikifika mlangoni. Nitamwona mjukuu, kisha nitageuza nirudi.”

Treni ilisimama. Karani, ambaye bado hakuwa amekubali, alimshushia sanduku lake mpaka chini.

Fundi aliliweka gauni pembeni, akatoa simu. Wiki iliyopita dada yake alimwandikia: “Mimi sijambo, usiwe na wasiwasi.” Chini yake palikuwa na jibu lake mwenyewe, neno moja tu: “Sawa.”