Mabakuli Mawili ya Povu

Risala ya Umoja wa Wanyoaji na Wanyolewaji wa Lukozi, siku ya kukaguliwa karakana ya sabuni

Mgeni Rasmi, Ndugu Mkuu wa Wilaya. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyote mliopanda mlima kuja kutusikiliza:

KARIBU

Karibu Lukozi. Ukungu umekutangulia kidogo, lakini chai ya maziwa iko jikoni na viazi vimeiva. Kabla hatujafika mbali, tunaomba utazame meza iliyo mbele yako. Kinyozi wetu Ramadhani amekoroga povu sasa hivi katika mabakuli mawili, wakati msomaji wetu Timotheo akisafisha koo. Bakuli jeupe lina sabuni ya mafuta ya nazi. Bakuli la buluu lina sabuni ya shahamu ya ng'ombe, iliyopikwa na Bibi Yunis, yule mama wa mstari wa mbele mwenye kitenge cha njano, anayejifanya hasikii. Tunaomba usiyaguse kwanza. Yaache yakae tu.

Tunajua pia umeiona kwaya yetu ya wanaume. Waimbaji wa upande wa kulia wana vipande vya gazeti videvuni. Hiyo si sare. Tutaeleza.

HISTORIA

Zamani za Mwingereza, marehemu Mika, mume wa Bibi Yunis, alikuwa mpishi wa mlowezi mmoja kule Lushoto. Wakati wa vita sabuni ya kunyolea ya mlowezi huyo ikaisha, na meli hazikuleta nyingine. Mika akachukua shahamu, akaiyeyusha, akaichuja, akaipika na maji ya majivu ya migomba. Mlowezi akanyoa, akajipapasa shavu, akaagiza nyingine. Tangu hapo Mika akawa anapika sabuni ambayo hakuruhusiwa kuigusa. Yeye mwenyewe alinyolea maji baridi.

Uhuru ulipokaribia alirudi nyumbani na sufuria kubwa begani. "Yunis," alimwambia mkewe, "bendera yetu haipandi tukiwa na ndevu za namna hii." Wakapika pamoja. Siku ya kupandisha bendera wanaume wa Lukozi walikaa benchi moja, Walutheri kwa Waislamu, wakapakwa povu moja. Na ili kila mtu apakwe kwa moyo mweupe, shahamu yote ilitoka kwa ng'ombe aliyechinjwa na Mzee Mussa. Hatujabadilisha utaratibu huo mpaka leo.

Tangu siku ile sufuria haijakwanguliwa. Kila wakipika hubakizwa kipande cha sabuni ya zamani chini, nasi tunakiita mbegu, kwa sababu sabuni mpya hushika upesi ikiikuta. Mika alipofariki, Bibi Yunis alimaliza matanga, akafunga kanga yake kiunoni, akaenda kuchochea moto. "Mkono wake bado umo humu," alimwambia wifi yake Marta. Hata sasa hapiti karibu na sufuria ile bila kuigusa ukingo.

MAFANIKIO

Hapa, Ndugu Mgeni Rasmi, tuvumilie, maana kila mwenye kidevu alitaka kuandika sehemu hii. Wanaume wanatoka Mtae, na barabara yao unaijua, kuja kunyolewa siku moja kabla ya ndoa zao. Mwalimu Sefania, ambaye ndevu zake zilikuwa zikijikunja na kurudi ndani ya ngozi, alikuwa na shingo iliyojaa vipele. Leo anavaa kola bila kukunja uso. Sabuni hii ina povu zito kama maziwa ya mgando, linalolainisha ndevu na kuupa wembe njia. Tumegawanyika kwa jambo moja tu: wako wanaopenda itiwe mchaichai na wako wanaoapa kwa majani ya mkalitusi. Vikao viwili vilivunjika kwa ajili hiyo. Bibi Yunis aliamua tupokezane, na mwenye kununa anyolee maji.

MATATIZO

Agizo limekuja kutoka wilayani kwamba karakana yetu ipike sabuni ya aina moja tu, ya mafuta ya nazi kutoka Tanga, kwa kuwa shahamu ni mambo ya kizamani. Mwezi huu ukiisha, sufuria ya Mika ikwanguliwe na kutiwa nazi.

Hatuidharau nazi. Kwa nguo na kwa watoto inafaa sana, nasi tunashukuru. Asubuhi ya leo, kwa kutaka kukufurahisha, tuliamua kwaya nzima inyolewe kwa sabuni mpya. Sasa, desturi yetu ni kwamba kinyozi hupaka benchi zima kwanza, ndipo ashike wembe, kwa sababu povu la shahamu hungoja. Ramadhani akapaka kama alivyozoea. Wembe ulipomfikia mtu wa tatu, povu lilikuwa limekauka zamani.

"Ramadhani, unaninyoa au unanichuna?" aliuliza Hamisi, mwenye sauti nzito.

"Tulia, bwana. Povu limeondoka, nimebaki na wewe."

Ukasikika mlio ambao hatutauandika katika risala. Bibi Yunis alitoka kwake mbio, bakuli la buluu mkononi, akaokoa upande wa kushoto. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na waliokatwa, huku wakibandika gazeti kuzuia damu, wakacheka kuliko sisi. Yeye alitabasamu tu. Baadaye Marta alimkuta ameinama juu ya sufuria na kijiko. "Nataka kuichota mbegu niiweke kando," alisema, "wasije wakakwangua nikiwa shamba." Marta akaja kutuambia. Ndiyo maana tukaandika.

MAOMBI

Tulikuwa na ombi la bomba la maji, na la barabara. Tumeyaondoa kwa leo, ili hili lisisongwe. Tunaomba nazi ipate sufuria yake, na sufuria ya Mika iachwe kama ilivyo. Hatuna ombi la pili.

HITIMISHO

Kama umeona risala imekuwa ndefu, utusamehe, ilikuwa makusudi. Sasa tazama mezani. Maneno haya tuliyaandika kabla hujafika, lakini sabuni yetu tunaijua. Tunaamini katika bakuli jeupe yamebaki maji na viputo vichache, na katika lile la buluu povu bado limesimama.

Maji ya moto yapo. Wembe ni mpya. Kwenye benchi tumeacha nafasi moja, kati ya Hamisi na Mzee Mussa, na Bibi Yunis amesema atakupaka yeye mwenyewe. Mika alimpikia mkubwa mmoja sabuni miaka mingi, na hakuna siku aliyokaa naye benchi moja. Hotuba yako tutaisubiri, hata mpaka kesho. Wewe ukikaa tu hapo, mama huyu atakirudisha kijiko chake jikoni.

Mungu akulinde wewe, nyumba yako na safari yako ya kuteremka mlima, na akupe mashavu yasiyojua gazeti.

Uhuru na Kazi!

Ni sisi,
Umoja wa Wanyoaji na Wanyolewaji wa Lukozi