Yeshimebet Tirfe na Ndugu Yake wa Kwenye Kompyuta

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukadiria na kufuatilia saa za kazi katika kampuni yetu ya ujenzi hapa Debre Birhan, Ethiopia, Weyzero, yaani Bibi, Yeshimebet Tirfe anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi wa Sene wa kalenda yetu.

Alianzia kwenye barabara, akahamia majengo. Ukimwonyesha mchoro wa ukuta, alikuwa akikwambia utakula saa ngapi za mwashi na ngapi za kusubiri saruji. Kahawa ya asubuhi aliiingiza kwenye makadirio bila haya, mizunguko yote mitatu ya desturi yetu.

Lakini kilichompa umaarufu ni Dama. Tulikuwa tukijenga zahanati mlimani, makao makuu yakatuletea kompyuta isiyokubali saa yoyote ya kazi bila jina la mfanyakazi. Mchanga wetu ulipandishwa na punda aitwaye Dama, na saa zake nazo zilitakiwa kuingizwa. Kompyuta ikadai na jina la baba. Yeshimebet, kwa haraka zake, akaandika la baba yake mwenyewe.

Dama Tirfe hakuchelewa, hakuugua, wala hakuomba ruhusa ya kwenda mazikoni. Haukupita muda, mkurugenzi wetu, Ato, yaani Bwana, Dagnachew, aliyekuwa akisoma kompyuta tu, akaamuru waashi sita walioshindwa kumfikia waachishwe kazi, naye Dama apandishwe cheo awe msimamizi.

Yeshimebet alilia, kisha akamfunga punda kamba na kumwingiza ofisini kwa mkurugenzi.

"Mkubwa, Dama mwenyewe ndiye huyu."

Ato Dagnachew akamtazama punda, akatazama jina kwenye kompyuta. "Kumbe ni ndugu yako! Mama, unaajiri jamaa zako?"

"Mkubwa, huyu ni punda!"

"Hilo naliona. Mimi nauliza undugu."

Uchunguzi ukafanyika. Yeshimebet aliapa mbele ya kamati kwamba hawakuzaliwa tumbo moja. Dama, alipopewa nafasi ya kujieleza, alikula pazia. Waashi wakarudishwa kazini, na zahanati ikafunguliwa kabla ya mvua kubwa. Ila amri ya kumpandisha Dama cheo hakuna aliyekumbuka kuifuta, ndiyo maana mwashi wetu Mulat hadi leo humvulia kofia: "Shikamoo, bosi!"

Weyzero Yeshimebet, asante kwa kusimama na wenzako hata pale ulipokuwa umewaponza wewe mwenyewe. Tumesikia sherehe hii umeikadiria saa mbili. Utusamehe, mama, leo tutakuangusha, saa hizo tutazipita. Tunakutakia maisha mema na marefu, na asiwepo wa kuyapima.